Okoth Ambaye Hatukumzika

Ijumaa, jioni. Migosi.

Joto la leo si la mchezo. Tangu asubuhi upande wa ziwa umejaa mawingu meusi ambayo hayanyeshi, yanatutazama tu. Nimefungua dirisha, mbu wameingia. Nimelifunga, nimekosa pumzi. Sasa nimeliacha nusu, tugawane chumba.

Begi langu liko mlangoni. Limekaa hapo tangu Jumapili, na kila nikipita nalitazama kama mgeni ambaye huna hakika kama analala ama anaenda.

Wacha niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujuta.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Akinyi, natunza kompyuta za hospitali moja ya kibinafsi hapa Kisumu. Nilikuwa natunza. Natunza. Hata hilo sijui niliandike vipi.

Jumatatu asubuhi natakiwa niwe Nakuru, kazi mpya, watu wapya. Waliniambia bila kunizungusha: usipofika Jumatatu, kuna mwingine anasubiri. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho kwa Mzee.

Mzee ndiye msimamizi wa hospitali. Ni rika la marehemu baba yangu, walikulia kijiji kimoja, na siku tulipomzika baba yeye ndiye alisimama akatangaza mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo Akinyi ni mtoto wake. Baada ya matanga akanipa kazi. Wakati huo nilikuwa nimezunguka mji mzima na vyeti vyangu mpaka viatu vikaisha soli. Mpaka leo huniita nyara, binti yangu, na mimi humwita Baba. Sasa niambie, mtu kama huyo unamwambiaje kwamba unaondoka?

Nimewahi kujaribu. Mara ya kwanza alisema, ngoja kwanza tumalize wodi ya wajawazito. Mara ya pili alinitazama, akaniuliza kama nimekula. Nikabaki.

Hii kazi imenishika vile magugu ya ziwa hushika mashua pale Dunga. Hayakupigi, hayakutukani. Unaamka tu asubuhi unakuta njia ya kutoka imeziba.

Na simu zake! Kila jioni lazima apige. Anauliza, umekula? Mama yako anaendeleaje? Halafu anafika pale nilipojua atafika: na mashine zimelala salama? Jumapili baada ya kanisa, simu. Sikukuu, simu. Namba yangu imebandikwa ukutani karibu na kila kompyuta ya hospitali, hata ile ya jikoni. Nilishapigiwa na mpishi nikiwa kwa harusi ya rafiki yangu, nimeshika keki.

Safari hii nilishikilia msimamo. Mzee akakubali, lakini na sharti. Alisema, "Nyara, weka hiyo seva mpya iongee na Dani, picha zionekane, halafu uende na baraka yangu."

Dani si mtu. Wacha nieleze.

Kazini kwetu seva tunazipa majina kulingana na wakati zilipowashwa mara ya kwanza, vile watoto wa huku huitwa. Otieno iliwashwa giza limeingia. Ochieng' iliwashwa jua la utosi. Okoth iliwashwa siku ya mvua kubwa, Mzee akiwa amefungua mwavuli ndani ya nyumba kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Halafu kuna lile sanduku kubwa la diski linalohifadhi picha zote za eksirei. Hilo tunaliita Dani, yaani nyanya kwa Kidholuo, kwa sababu mali yote ya familia imewekwa kwake na hatoi kitu mpaka ajue wewe ni nani.

Kazi yenyewe haina maajabu. Seva ya eksirei haina tumbo la kubeba picha zote. Kwa hivyo inapiga hodi kwenye mtandao: nani huko ana diski? Dani anaitika, anataja rafu zake kwa majina, moja moja. Seva inachagua ya kwake, inajitambulisha, Dani anaangalia kama hilo jina analijua, anafungua. Kuanzia hapo rafu ya Dani inaonekana ndani ya seva kama diski yake yenyewe. Kwa Linux, ile programu inayoendesha mashine zetu, ni amri chache tu. Nimezipiga mara nyingi mpaka vidole vinazijua bila mimi.

Okoth ndiye alikuwa mwenye rafu ya eksirei. Wiki iliyopita akafa. Moshi kidogo, harufu ya plastiki, kimya. Tukaagiza seva mpya haraka, na tangu hapo picha za zamani zote zikawa zimekaa kwa Dani bila mtu wa kuzifungua.

Seva ilipofika nilifanya kile mtu yeyote wa kwetu angefanya. Niliiita Okoth.

Marehemu ameacha jina, mtoto amezaliwa, unampa. Tena nilimpa kila kitu cha marehemu. Kuna jina moja refu la ajabu ambalo seva hutumia kujitambulisha kwa Dani, limeandikwa kwenye faili ndogo ambayo watu wengi hawaijui. Nikalinakili herufi kwa herufi. Nilijiambia Dani ni mzee, asisumbuliwe kujifunza mgeni. Nilijiona mjanja sana, yawa.

Leo asubuhi nikapiga hodi. Dani akaitika. Okoth akafunguliwa, picha zikamwagika kwenye kioo, mbavu na magoti na fuvu za watu wa Kisumu nzima. Mama Rael, ambaye ndiye hupiga eksirei, alipiga kigelegele mpaka wagonjwa kwenye benchi wakadhani kuna mtu amejifungua. Wafula alinipa mkono. Wafula ni jamaa wa Bungoma anayechukua nafasi yangu, mpole, anajua kazi, ila anaongea kwa kipimo kama dawa ya kikohozi.

Nikaanza kukunja waya zangu. Moyoni nilikuwa nimeshafika Nakuru.

Halafu picha zikapotea.

Daktari alikuwa anamwangalia jamaa mmoja wa boda kutoka Manyatta, mguu umevunjika tena pale pale ulipovunjika zamani. Alitaka kuona picha ya zamani kabla ya kuamua kama atamfunga plasta ama atamtuma akapasuliwe. Akaifungua. Akageuka kumwita Mama Rael aje aone. Kurudi kwenye kioo, hakuna kitu. Wakanifuata mbio. Nilipofika, picha ilikuwa imerudi. Nikasema, sasa tatizo liko wapi? Nikiwa bado nasema, ikatoweka.

Ikawa hivyo. Ipo, haipo. Ipo, haipo.

Nilibadilisha kebo. Nilihamisha tundu la swichi. Nilimtoa Okoth kwa Dani na kupiga hodi upya. Kila mara Dani anaitika vizuri, anafungua vizuri, na kabla sijashukuru anamfungia mlango. Mama Rael akaniambia, "Akinyi, labda hii mashine imejua unaenda. Imekasirika." Alikuwa ananitania, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Mzee alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma. "Nyara," akasema, "kwa hali hii kweli unaweza kuenda?"

Wacha niseme ukweli hapa, maana kama si hapa ni wapi. Nilisikia furaha katika ile sauti. Kidogo tu, imefichwa chini ya huruma. Na nikamchukia kwa dakika ile, mtu aliyesimama kaburini kwa baba yangu. Ndiyo, nilimchukia.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya mashuka. Hakina dirisha, na kitasa cha ndani kiling'oka zamani, kwa hivyo mlango tunauzuia na jiwe nililookota ufukweni. Mzee alipoondoka akaliondoa jiwe. Hakukusudia mabaya. Yeye kila siku hulalamika kwamba baridi ya mashine inatoroka kwenda koridoni. Nilisikia mlango ukijifunga, nikajua nimekwisha.

Nikagonga. Nani asikie? Saa ya chakula, na zile feni zinanguruma. Nikampigia Wafula, simu haijibiwi. Nikaketi sakafuni katikati ya mashine, baridi inanila mgongo, Nakuru iko mbali kama Ulaya, na ndani ya kifua changu kuna kitu kinasema: unaona? Wewe ni wa hapa. Utazeekea hapa, kwa stoo ya mashuka.

Nililia kidogo. Si sana.

Ndipo mama akapiga.

"Akinyi, umekula?"

"Mama, nimefungiwa ndani ya chumba."

"Utafunguliwa. Sikiliza kwanza. Hawa watu wamenikasirisha."

Hawa watu ni upande wa shemeji yangu. Dada yangu mdogo amejifungua, na mpaka leo mtoto anaitwa Baby. Wakwe wanataka apewe jina la babu yao. Babu amefariki, hilo ni kweli, lakini bado yuko mochari kwa sababu wanamngojea mtoto wake mkubwa atoke ng'ambo, na huyo mtoto kila wiki ana sababu mpya.

Mama alikuwa amepandwa na hasira. "Mzee wa watu bado amelala kwa friji, na wao washaanza kumwita kwa mtoto! Huyo mtu hajaenda mahali popote. Sasa ukiita hilo jina, nani ataitika? Unazika kwanza, Akinyi. Unazika, ndiyo unaita."

Nikasema, ndiyo Mama. Nikasema, kweli Mama. Halafu nikamtazama Okoth, na lile jina nililompa.

Nikamwambia nitampigia baadaye. Nikamzima Okoth. Sikumtoa tu kwa Dani. Nilimzima kabisa, taa zote zikafa. Halafu kwa laptopu yangu nikamwuliza Dani: rafu ya eksirei, nani yuko ndani sasa hivi?

Dani akajibu: Okoth.

Mashine iko mbele yangu, imekufa, nimeiua mwenyewe, na Dani ananiambia kwa utulivu wake wote kwamba Okoth yuko ndani na anaendelea vizuri.

Hatukumzika.

Wiki iliyopita alipoungua, nilimtoa kwenye kabati nikamwacha kando ya mlango, nikijua kesho nitafuta diski zake na kuondoa jina lake kwa Dani. Kesho ikawa na mambo yake. Nikakimbilia kumpa mtoto jina.

Nikagonga ule mlango kwa viatu, viatu vyote viwili, mpaka Wafula akaja na kufungua, chapati mkononi. Nikamwuliza, Okoth wa zamani yuko wapi?

"Si Mzee alimpeleka kwa fundi pale Kibuye?" akasema. "Nilidhani unajua, dada."

Lakini kama yuko ndani ya Dani, basi yuko hapa hapa hospitalini. Tulimkuta kwenye stoo ya rekodi. Mzee hatupi kitu. Huko kuna viti vya magurudumu visivyo na magurudumu, feni bila mapanga, vitanda, neti za mbu zilizotoboka. Katikati ya hayo yote, juu ya meza ya mtihani ya watoto wa shule, Okoth alikuwa amekaa, taa za kijani zinapepesa, amechomekwa umeme na kebo ya mtandao, anapumua.

Mzee alitufuata akiwa anatabasamu mpaka masikioni. "Nilitaka nikushtue, nyara! Fundi alimleta asubuhi na boda, tukamwasha hapa, akashika mara moja! Sasa ukienda, tutakuwa na Okoth wawili. Moja ikikataa, nyingine iko. Kitu haitupwi. Inapumzishwa tu."

Alikuwa amefurahi kama mtu aliyekuletea samaki mkubwa.

Kumbe hivyo ndivyo vilikuwa vita vyenyewe. Okoth wa zamani alipoamka alifanya kile alichozoea kila akiamka: akapiga hodi kwa Dani. Dani akasikia jina ambalo tayari liko ndani, akadhani ni yule yule aliyetoka nje kidogo na sasa anarudi. Basi akafunga mlango wa kwanza, akafungua wa pili. Yule aliyefungiwa anashangaa, anapiga hodi tena kwa jina lile lile. Dani anafunga huku, anafungua kule. Asubuhi nzima hivyo. Hakuna aliyekosa, kila mmoja alikuwa anadai chake.

Nilitaka kupiga kelele. Nilisema tu, "Asante, Baba. Lakini izime."

Akaizima mwenyewe, taratibu, na lile tabasamu likazimika nayo.

Kilichofuata ndicho kiliniogopesha zaidi. Seva mbili zikiandika kwenye rafu moja bila kuonana ni sawa na wapishi wawili kutia chumvi sufuria moja. Ningeweza kukuta picha zote zimeharibika, za miaka yote, kila mguu na kila kifua. Nikaanzisha ukaguzi wa diski. Hapo huna la kufanya ila kungoja. Wafula alisimama kando. Mzee aliketi juu ya kreti ya soda, kofia magotini. Mara moja tu akasema, polepole, "Ni mimi nimeharibu?" Nikamwambia bado hatujui. Sikuwa na moyo wa kumwambia hapana.

Za zamani zilikuwa salama. Zilizoharibika ni za leo asubuhi tu, chache, na wenyewe bado walikuwa kwenye benchi. Jamaa wa boda alipoambiwa anarudi tena kwa eksirei alisema, "Kwani mnanipiga picha za harusi?" Mama Rael akamwambia avute tumbo ndani basi, apendeze. Picha yake ya zamani daktari aliipata, akaamua ni plasta. Sijawahi kufurahia plasta ya mtu hivyo.

Halafu tukamzika Okoth.

Nilifuta diski zake zote. Nikaingia kwa Dani nikaondoa jina lake refu, lile la siri, asimfungulie tena mtu yeyote anayelitaja. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa amevua kofia. Sijui kama alikuwa anacheza.

Yule mpya nikamwambia Wafula ndiye ampe jina. Aliona aibu kidogo, halafu akasema Simiyu. Kwao ni mtoto aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Nikatazama jasho kwenye shati lake nikasema hilo ndilo lenyewe. Tukamwandikia Simiyu jina lake refu jipya, ambalo hakuna mwingine duniani analo, tukampeleka kwa Dani, tukamwambia Dani, huyu ni mjukuu wako. Wafula ndiye aliyepiga hodi. Dani akaitika. Picha zikaja.

Zikakaa.

Tulikunywa chai, zimekaa. Mama Rael alikuja kuchungulia, zimekaa.

Mzee akanishika bega. "Nyara, sasa uende na baraka yangu. Na usiwe na wasiwasi kabisa. Nimemwambia Wafula aendelee kuingia na jina lako. Mashine zimekuzoea wewe. Akikwama, tunakupigia tu." Akaonyesha ile karatasi ukutani yenye namba yangu, kwa fahari, kana kwamba ananionyesha picha ya familia.

Nikasema, "Sawa, Baba."

Sawa Baba. Nadhani hayo ndiyo maneno niliyotamka mara nyingi zaidi katika maisha yangu ya utu uzima.

Nikarudi kwenye chumba cha seva kuchukua kikombe changu. Wafula alikuwa ameketi kwenye kiti changu, anaingia kwa mashine. Niliona vidole vyake vikiandika: akinyi. Mashine ikamkaribisha kwa jina langu. Nikasimama pale na kikombe mkononi, nikajiona niko Nakuru, mtu mzima, kazi mpya, na huku Kisumu kuna Akinyi mwingine yuko ndani, amewashwa, anaitika kila akiitwa. Kila wakimgusa yule, mimi natupwa nje ya nilipo.

Nilivuta kreti nikaketi kando ya Wafula. Nikamwambia, sogea kidogo.

Nikamfungulia akaunti yake. Wafula, kwa jina lake, na mamlaka yote niliyokuwa nayo mimi. Nikamfanya atoke aingie, atoke aingie, mpaka nikaridhika. Halafu nikamwambia, sasa mtoe Akinyi. Kwa seva zote, na kwa Dani.

Alinitazama. "Dada, una hakika? Ukitoka hivi hutaweza kurudi kuangalia hata kidogo."

"Andika, Wafula."

Akaandika. Linux ikifanya ulichoiambia haisemi kitu, inakaa kimya tu kungoja neno lingine. Nilijaribu kuingia kwa laptopu yangu. Simiyu alinikataa. Ochieng' akanikataa, Otieno pia. Nikamalizia na Dani, Dani ambaye mimi mwenyewe nilimfungua kutoka kwenye maboksi, nikamfunga kwenye kabati na kumpa jina. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Hakunijua.

Nilibandua ile karatasi ukutani. Na nyingine zote, hata ya jikoni.

Lakini sikumwambia Mzee. Niliogopa. Nilimpa mkono, akanishika kwa mikono yake miwili, akanitakia safari njema kwa Kidholuo, maneno marefu kama sala. Nilitoka nje haraka nikitazama chini kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Hiyo ndiyo sababu nimeanza kuandika hapa. Nilikuwa nataka kuuliza kama ni uoga ama ni adabu, maana kwangu hivyo viwili vimefanana siku nyingi.

Nimelazimika kuacha hapo kidogo. Simu imelia.

Ni Mzee.

"Nyara, nimejaribu kuingia kwa jina lako, nione tu kama picha bado ziko. Wafula aliniandikia juzi vile unaingianga. Lakini inanikataa."

"Akinyi hayuko tena huko, Baba. Nimemtoa. Wafula ana jina lake sasa. Mwulize yeye."

Nilisikia feni ya ofisi yake, ile inayolia kama ina mafua, ambayo amekataa kuitupa. Nilingoja anigombeze. Nilingoja anikumbushe kaburi la baba.

"Sasa jioni," akasema, "nitakuwa nampigia nani?"

Miaka yote nilidhani yale maswali ya kwanza, umekula, mama yako anaendeleaje, ni ya kupitia tu ili afike kwa mashine. Leo, nimesimama kando ya begi langu, nikaona pengine nilikuwa nayasoma kinyume. Machozi yakanitoka, haya ya sasa si kama yale ya sakafuni.

"Nipigie mimi, Baba," nikasema. "Lakini usiniulize mashine."

"Sasa nitauliza nini?"

"Uliza kama nimekula."

Halafu akakohoa, kile kikohozi chake cha kanisani kabla ya kusimama kusema jambo.

"Umekula?"

"Bado."

"Kula basi," akasema, akakata.

Nimeweka maji ya ugali jikoni. Omena iko, ya jana. Kesho Simiyu atapiga hodi kwa Dani, na mimi sitajua kama amefunguliwa.